Lupita ni mto

Swali la wiki hii limeuliza: jina gani la mtu ni jina la mahali pia, na kwa nini unalipenda? Mimi nasema Guadalupe, na wengi tunalijua bila kujua kwamba tunalijua, maana Lupita ndo kifupi chake. Lupita Nyong'o alizaliwa Mexico City mwaka 1983, baba yake akifundisha huko, wazazi Wajaluo kabisa ila mtoto wakampa jina la palepale alipozaliwa.

Sasa jina lenyewe halikuanzia Mexico, ni mto wa Hispania, kule Extremadura, na ile "guada" ni Kiarabu, wadi, Waarabu walikaa kule karne na karne wakaacha majina kila kona, hata Guadalquivir ni wadi al-kabir, mto mkubwa. Kwenye ule mto wa Guadalupe pakawa na kijiji, kijijini pakajengwa monasteri ya Bikira Maria, watu wakawa wanaenda kuhiji, basi mabinti wakabatizwa María de Guadalupe, na kwa vile kina Maria ni wengi mno ile Maria ikaanguka njiani, likabaki jina la mahali tu. Montserrat ni hivyohivyo, ni mlima wa Catalonia, na yule mwimbaji wa opera Montserrat Caballé alikuwa anaitwa mlima maisha yake yote. Halafu mwaka 1493 Columbus akayachukua majina yote mawili akavipa visiwa vya Karibiani, na mpaka leo vinaitwa hivyo. Mexico hata wanaume wanaitwa Guadalupe, rais wao wa kwanza, 1824, alikuwa Guadalupe Victoria na jina hilo alijichagulia mwenyewe!

Ila linalonigusa zaidi ni Fátima. Ni mji wa Ureno, wenye jina la Kiarabu, na tangu habari za Bikira Maria kuwatokea watoto pale mwaka 1917 Wakatoliki wengi, Wahispania wakiwemo, wanawaita mabinti zao Fátima kwa ajili ya huo mji. Shangazi yangu ni Fatuma, Mwislamu wa Tanga, nilipomwambia kuna wajina wake Madrid wanaoenda kanisani akanyamaza kidogo, kisha akauliza, wao wanalitamkaje? Nikamwambia wanakaza mwanzoni, FÁ-tima. Akalirudia polepole mara mbili.