Maswali ya Wasomaji: Hii Domicile conjugal ni komedi kweli?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi na mume wangu tuna mwaka na nusu kwenye ndoa, juzi tukakaa kucheki Domicile conjugal, ile sinema ya Kifaransa ya 1970, tumeambiwa ni komedi ya mapenzi. Mwanzo tulicheka mpaka basi, ila kuanzia katikati mimi nilikuwa nalia tu, yule Antoine ana mke mzuri, ana mtoto mchanga, bado anaenda kuchepuka, halafu mwisho wanarudiana kama vile hakuna kilichotokea. Mume wangu anasema nimeichukulia siriasi mno. Anti, hiyo ni komedi gani? Na Christine alimsamehe kweli au alichoka tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hujakosea kulia, mimi hii sinema nimeiangalia mara nyingi na kuna sehemu mpaka leo inanishinda. François Truffaut, aliyeiongoza, alikuwa na tabia ya kuweka kicheko na maumivu ndani ya kitu kimoja. Kumbuka mwanzo kabisa, Christine anatembea na fidla yake, watu wa dukani wakimwita mademoiselle anawasahihisha palepale, hapana, madame! Unacheka, maana bado hajalizoea hilo jina na anavyolifurahia. Sasa lirudie ukishajua yanayokuja, uone kama utacheka vilevile.

Hata kazi za Antoine usizipite hivihivi. Anaanza kwa kupaka maua rangi kule uani, anatafuta wekundu uliokamilika mpaka maua yanaungua, halafu anaajiriwa na kampuni ya Kimarekani ambako kazi yake ni kuendesha vimeli vya mfano kwa rimoti kwenye kidimbwi, yaani baba wa mtoto anachezea meli kutwa nzima. Inachekesha sana lakini ndiyo inakuonyesha ni mtu wa namna gani. Huyu Antoine tunamjua tangu 1959 kwenye sinema ya Truffaut ya Les Quatre Cents Coups, Jean-Pierre Léaud akimwigiza akiwa na miaka 14 tu, mtoto ambaye nyumbani kwao mama hakuwa na muda naye. Ndiyo maana ukubwani anawapenda wazazi wa Christine karibu sawa na anavyompenda binti yao, ametafuta familia maisha yake yote, alipoipata hakujua kukaa ndani yake. Hilo halimtoi kwenye kosa, nasema tu usimwone kama mhuni wa kawaida.

Na Christine analiona hilo kabla yetu. Kuna pale wanaagana, Antoine anamwambia wewe ni dada yangu, binti yangu, mama yangu, na yeye anamjibu kwamba alitamani awe mke wake pia. Basi, ameshasema kila kitu, na Claude Jade, anayemwigiza Christine, anaitamka kwa upole bila kupiga kelele na ndiyo maana inakata hivyo.

Kuhusu Kyoko, yule Mjapani ambaye Antoine anachepuka naye, mimi nadhani hapo ndipo mume wako angetakiwa aangalie tena taratibu. Vikaratasi vya mapenzi vimefichwa ndani ya tulipu, maua yanafunguka yenyewe na siri inamwagika mbele ya mke, halafu Antoine anarudi nyumbani anamkuta Christine amevaa na kujipamba Kijapani, amekaa kimya, machozi yanamtiririka. Ukiisimulia kwa mdomo ni kichekesho, ukiiona huwezi kucheka. Mwanamke amejigeuza mwanamke mwingine ndani ya nyumba yake mwenyewe! Sijui kama kuna sinema nyingine ya aina hii iliyothubutu kitu kama hicho.

Ila mchepuko wenyewe haumpi Antoine raha yoyote. Kukaa chini kwa mlo wa Kijapani miguu inamuuma, maongezi hakuna, mwishowe wako mgahawani na Kyoko na yeye kila baada ya muda anainuka kwenda kumpigia simu mke wake kulalamika kwamba amechoka na huyo mwanamke. Anarudi mezani, Kyoko kashaondoka, kaacha kikaratasi chenye maneno makali. Hapo mimi nilimpigia Kyoko makofi.

Sasa hilo la kurudiana. Unasema kama hakuna kilichotokea, mimi sikubali. Yule jirani mwimbaji wa opera, mwanzoni mke wake akichelewa kutoka anatupa koti na pochi yake kwenye ngazi, na mwisho wa sinema Antoine anamfanyia Christine hivyohivyo. Kile kilichowachekesha kwa majirani kimehamia kwao, wamekuwa wanandoa wa siku nyingi kama wengine. Kwa hiyo Christine kusamehe au kuchoka, kwa macho yangu ni vyote viwili kwa pamoja, na Truffaut hakutaka tuchague.

Ukitaka kujua waliishia wapi, tafuta L'Amour en fuite ya 1979, lakini nikuandae mapema, inaanza wakiwa wanaenda kuachana, talaka ya makubaliano ambayo sheria ya Ufaransa ya 1975 ndiyo iliyoirudisha. Wanaachana vizuri, bila ugomvi. Kabla ya hapo angalieni Baisers volés ya 1968, ile ambayo Antoine anamchumbia Christine mezani asubuhi na kumvisha kifungulia chupa kidoleni badala ya pete. Anzeni na hiyo, halafu muirudie Domicile conjugal, na safari hii muulize mume wako yeye ni sehemu gani ilimuuma.