Uliza Sista: Dawa ya maumivu kabla ya kupasuliwa mfupa

*Sista, mume wangu ni wa bodaboda. Aligongwa, akavunjika paja, na kesho anawekewa chuma. Leo wameshaanza kumpa dawa za maumivu. Mbona wasingoje apasuliwe kwanza? — Mama wa Kondele, Kisumu*

Mama, pole. Paja lililovunjika linauma tangu barabarani, kwa hiyo hakuna cha kungoja. Ila kuna sababu nyingine. Ngozi ikikatwa na mfupa ukitobolewa, neva hupeleka habari kwenye uti wa mgongo mfululizo, hata kama mgonjwa amelala usingizi wa dawa na hajui lolote. Habari zikizidi, uti wa mgongo huwa mwepesi wa kushtuka, na baadaye hata kuguswa kidogo kunachoma. Mwaka 1988 mtaalamu wa maumivu Patrick Wall alihimiza tuzuie hali hiyo mapema. Tafiti zilizofuata zimetupunguzia makeke: kidonge kimoja cha mapema hakileti tofauti kubwa kila mara. Kinachosaidia ni kuyafunika maumivu kabla, wakati wa upasuaji na siku zinazofuata, kwa dawa za aina mbalimbali, na ikiwezekana sindano ya ganzi kwenye neva ya paja. Mgonjwa asiyeumia sana hukohoa vizuri na kuinuka kitandani mapema, na hilo hupunguza hatari ya nimonia na ya damu kuganda miguuni.

Na mwambie asijikaze kiume. Wodi za mifupa zimejaa wanaume wanaosema “niko sawa tu” huku wameuma shuka.

*Nina vidonda vya tumbo. Nimeze tu chochote nitakachopewa? — Njoro, Nakuru*

Hapana, sema kwanza. Ibuprofen na diclofenac huchokoza vidonda na zinaweza kuumiza figo. Mara nyingi utapewa paracetamol, ambayo kwa mtu mzima mwenye afya haipaswi kupita gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500. Usiongezee ya chemisti kisiri, maana dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani.

*Nimekatazwa kula tangu usiku. Tembe nitameza na nini? — Bungoma*

Funda moja la maji, mtaalamu wa usingizi akikubali. Chai ya maziwa hesabu kuwa ni chakula.

*Nilidungwa ganzi ya mgongoni, nikatoka nikicheka. Usiku nililia. Nilikosea wapi? — Kakamega*

Ulisubiri ganzi iishe, kaka, nayo huisha baada ya saa chache. Vidole vikianza kurudi na hisia, itisha dawa hapo hapo, kwa sababu maumivu yaliyokwisha kupanda huchukua muda kuyashusha. Lakini yakizidi kupanda licha ya dawa, mguu ukikaza kama ngoma, ukiuma zaidi vidole vikinyooshwa au ukifa ganzi upya, usiombe tembe nyingine. Mwite nesi wakati huo huo, hata kama ni saa tisa usiku. Misuli inaweza kuwa imebanwa na uvimbe hadi ikakosa damu, na mguu hauna subira ya kungoja asubuhi.