Usiuze hizo hedifoni kabla hujafungua mipangilio ya simu

Mkuu, rudisha hiyo laki tatu mfukoni. Eti uuze hedifoni zako, uongezee hela ununue za "7.1", zile zinazodai sauti inakuzunguka pande zote, ili taarabu uisikie kama umekaa ukumbini, na juu yake unauliza waya gani na amplifaya gani. Hiyo njia nimeshaipita, na nauli nimelipa mimi.

Muuzaji mmoja Kariakoo aliniapia humo ndani mna spika saba. Nilipozifungua kwa bisibisi, kila sikio spika moja, basi. Zilizobaki alikuwa nazo mdomoni. Yangu ile 7.1 ilikuwa programu tu. Kwenye gemu sawa, unajua adui anatokea nyuma, lakini taarabu inakuwa kama inapigwa bafuni.

Nikauza kwa hasara, nikachukua zilizo wazi nyuma, maana kila mtu humu jukwaani anasema hizo ndizo zenye upana wa sauti. Laki sita na nusu! Navaa: mwimbaji katikati ya fuvu, fidla hapohapo, ala ya kanuni hapohapo, wamebanana kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Nikanunua na waya mpya. (Cheka tu.) Miezi mitatu nahangaika, mpaka siku mpwa wangu anachezea simu ananiuliza, "Anko, mbona umewasha sauti ya mono?"

Niliiwasha mwenyewe, zamani, iafoni zangu zilipokufa upande mmoja. Nikasahau. Mono ni hivyo: simu ilikuwa inakoroga kushoto na kulia kuwa sauti moja, inaninywesha uji.

Sauti ya kulia huwahi sikio la kulia, tena kwa nguvu zaidi. Hata ikitokea ubavuni kabisa, tofauti haifiki milisekunde moja, lakini ubongo unaidaka. Masikio yote yakipewa kitu kilekile, ubongo unakiweka katikati ya kichwa, hata uvae hedifoni za bei mbaya kama Sennheiser HD 800. Na nyimbo zilizorekodiwa mono ni hivyohivyo, usilaumu hedifoni.

Kwa hiyo kagua kwanza kinachoingia. Kwenye mipangilio ya simu ingia Ufikivu (Accessibility), zima mono. Weka rekodi ya stirio, yaani yenye kushoto na kulia tofauti, ambayo fidla iko upande mmoja, funga macho, nyoosha kidole ilipo. Geuza hedifoni, ya kulia ivae kushoto. Kidole kisipohama, huenda ubovu hauko kwenye hedifoni. Kisha tafuta rekodi ya bainorali, zile zinazonaswa kwa maikrofoni mbili kwenye masikio ya kichwa cha bandia. Mimi niligeuka kuangalia mlango nikidhani sauti imetoka huko, na nimevaa iafoni za elfu kumi.

Jaribu usiku huu, uje useme kidole kimeelekea wapi.