Anza na Kikosi, Mzimu Utafuata

Ugonjwa mkubwa wa filamu za kutisha ni swali ambalo mtazamaji hujiuliza mapema kabisa: kwa nini watu hawa hawaondoki? Nyumba inalia usiku kucha, ukuta unatoka damu, na bado wenyewe wanapanda ngazi na mshumaa mkononi kwenda kuangalia. Ukimweka mzimu vitani, katikati ya wanajeshi, ugonjwa huo unapona wenyewe. Askari haondoki kwa sababu haruhusiwi kuondoka. Akiacha lindo ni mtoro, na mtoro wa vitani anaweza kuishia mbele ya bunduki za wenzake. Mwaka 2006 Uingereza iliwasamehe askari 306 waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe katika Vita Kuu ya Kwanza kwa makosa kama utoro na woga. Karibu miaka 90 ilikuwa imepita. Wewe unayeanza kuandika filamu za aina hii, kaa na jambo hilo mpaka likuingie: mbele ya mhusika wako kuna kitu kisichoelezeka, na nyuma yake kuna mahakama ya kijeshi.

Nimefanya kazi na miswada ya namna hii kwa muda mrefu, kama msomaji na kama mhariri, na kasoro inayojirudia kwa waandishi wapya ni kwamba wanaanza na zimwi. Wanakuja na meno yake, macho yake, laana yake ya karne nne, halafu wanatafuta watu wa kuliwa. Askari wanakuwa chakula kilichovaa sare. Mmoja mkorofi, mmoja mcha Mungu, mmoja ana picha ya mchumba mfukoni, na kila mtu anajua nani atakufa wa kwanza.

Geuza kazi hiyo. Kabla hujaandika neno lolote kuhusu mzimu, andika siku nzima ya kikosi ambacho hakijaona kitu. Nani anatoa amri, na akifa nani anashika nafasi yake? Redio anayo nani, na anapaswa kuita kila baada ya muda gani? Maji yako wapi? Zamu za lindo zimepangwaje, neno la siri la leo ni lipi, na limefika kwa kila mtu? Mateka wanalindwa na nani? Ukishajibu hayo utagundua kwamba mzimu hauhitaji mlango wake. Unaingia kwa milango ambayo jeshi limeshaijenga: zamu, hesabu, neno la siri, mawasiliano, amri kutoka juu.

Nikuonyeshe kwa karibu. Doria ya watu sita imetoka saa nne usiku kupitia upenyo mmoja kwenye seng'enge. Koplo amewekwa pale kwenye upenyo na kazi yake ni moja tu, kuhesabu wanaorudi. Saa nane wanarudi wakitambaa. Kila mmoja ananong'ona neno la siri, koplo anamgusa bega, anamwacha apite. Moja, mbili, tatu, mpaka sita. Anavuta waya na kufunga. Kabla hajaondoa mkono, nje kwenye giza mtu ananong'ona neno la siri. Amelitaja sawasawa. Koplo afanye nini? Kufungua bila ruhusa hawezi. Kupiga kelele hawezi, maana adui yuko karibu na kelele italeta mizinga. Kumwacha nje labda ni kumuua mtu wa kikosi jirani aliyepotea njia. Anamtuma kijana mmoja akamwamshe luteni. Wakati wanasubiri, sauti inarudia lile neno, taratibu zaidi, na koplo anaitambua. Ni sauti ya yule wa nne, ambaye ameshamgusa bega, na sasa amekaa ndani nyuma yake akivua buti.

Hakuna damu hapo, hakuna jini, hakuna muziki wa kushtua. Kuna utaratibu wa jeshi unaofanya kazi vizuri kabisa, na ndani yake umeingia kitu kimoja kisichokubalika. Uzuri wa aina hii ya filamu ndio huo, na mimi naupenda kuliko hofu nyingine yoyote ya sinema. Jeshi linaishi kwa hesabu: watu wangapi, risasi ngapi, saa ngapi. Ukiivuruga hesabu, hata sajenti aliyepitia mapigano kumi anasisimka mwili.

Angalia waliofaulu walivyofanya. Katika *Below* ya mwaka 2002, nyambizi ya Marekani inawindwa na meli ya Wajerumani juu yake mwaka 1943. Amri ni kimya, maana sauti yoyote itawafichua. Katikati ya ukimya huo gramafoni inaanza yenyewe kupiga jazi ya Benny Goodman. Mzimu haujamgusa mtu. Umevunja amri moja tu, ile ambayo uhai wa wote unaitegemea. Katika *R-Point*, filamu ya Korea Kusini ya mwaka 2004 inayohusu Vita vya Vietnam, hadithi inaanzia kwenye redio: mwaka 1972 makao yanaendelea kupokea wito wa kuomba msaada kutoka kwa kikosi kinachodhaniwa kimekufa chote. Jeshi haliwezi kupuuza wito wa redio, kwa hiyo linatuma watu. Tazama jinsi mzimu ulivyoitumia kanuni ya jeshi kuwaita askari hadi pale unapowataka. Mwandishi hakulazimika kubuni sababu ya watu kwenda mahali pabaya, kwa sababu sababu iko kwenye kanuni.

Jambo la pili ni dhambi. Mizimu ya vitani haimvamii tu mtu aliyepita njia, bali mara nyingi inakuja kudai kitu. *The Keep* ya mwaka 1983 inawaweka wanajeshi wa Ujerumani kwenye ngome ya kale huko Romania mwaka 1941. Kuta zake zimejaa misalaba, na wameonywa wasiiguse. Askari wawili wanang'oa msalaba wanaoona ni wa fedha kwa tamaa, na kilichofungiwa ndani kinatoka. Tamaa hiyo ni ya kiaskari kabisa, ni uporaji, kosa la zamani kama vita vyenyewe. Kisha wanakuja watu wa SS, kikosi katili cha Wanazi, wanapiga wanakijiji risasi wakidhani ni kazi ya wapiganaji wa msituni, na mtazamaji anabaki kujiuliza zimwi hasa ni lipi. Filamu yenyewe ilikatwa vibaya na studio na hadithi ina mashimo, lakini robo saa ya mwanzo isome kama darasa.

Kwa hiyo kiulize kikosi chako: kimefanya nini? Kimemwacha majeruhi? Kimepiga risasi mateka? Kimelipua kijiji kwa ramani iliyosomwa vibaya? Usiandike jibu kwenye mazungumzo, bali liache lijulikane kwa namna watu wanavyokwepa kuangaliana. Na usije ukamfanya adui kuwa ndiye pepo kwa sababu tu ni adui. Hiyo ni propaganda, na pia haitishi. *Deathwatch* ya mwaka 2002 ilifanya vizuri zaidi: Waingereza wanateka handaki la Wajerumani mwaka 1917, na mtu pekee anayejua kwamba handaki hilo lina uovu ni mateka wao Mjerumani. Anasema kweli, lakini kila neno lake linasikika kama hila ya adui. Ukiandika mateka, mpe nafasi kama hiyo.

Sasa nije kwenye imani, ambapo wengi wanapita mbio. Usibuni dini ya mzimu wako kabla hujajua wanajeshi halisi waliamini nini. Vita vya Mons, kati ya Waingereza na Wajerumani huko Ubelgiji, vilipiganwa Agosti 1914. Septemba 29 mwaka huohuo mwandishi Arthur Machen alichapisha gazetini hadithi fupi ya kubuni, ambamo wapiga mishale wa Kiingereza wa vita vya kale vya Agincourt wanatokea kuwasaidia Waingereza. Watu wakaanza kuisimulia kama habari ya kweli, wapiga mishale wakageuka malaika, na Machen alipojitokeza kusema ameitunga mwenyewe wengi hawakumsikiliza. Hilo linakufundisha namna uvumi unavyotembea kwenye jeshi lililochoka. Askari aliyekesha siku tatu hahitaji ushahidi mwingi.

Mfano mzito zaidi uko Vietnam. Kwa imani ya wengi kule, mtu aliyekufa mbali na kwao bila kuzikwa ipasavyo roho yake inatangatanga bila kupumzika. Wamarekani walilijua hilo na wakaligeuza silaha. Katika operesheni waliyoiita Wandering Soul walirekodi vilio, muziki wa maziko na sauti za watu wanaojidai wamekufa wakiwasihi wenzao warudi nyumbani, kisha wakazipiga usiku juu ya msitu kwa vipaza sauti, nyingine kutoka kwenye helikopta. Fikiria maana yake kwa mwandishi. Mzimu wa bandia umetengenezwa na jeshi, unaimbia watu ambao kwao mzimu si mchezo, na wafu wao wa kweli wamelala chini ya miti ileile. Ukiandika hadithi ya aina hiyo, heshimu maziko ya upande wa pili kama ya upande wako. Tafuta mtu wa imani hiyo akusomee mswada. Kosa dogo la ibada litaonekana na kila mtu aliyewahi kuzika ndugu yake kwa desturi hiyo.

Suala la akili pia lina mtego. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika kuhusu askari waliopoteza kuona, kunusa na kumbukumbu baada ya mabomu kuwalipukia karibu, na maelezo yake yakaingiza hali hiyo, iliyoitwa shell shock, yaani mshtuko wa mabomu, kwenye jarida la kitabibu. Waandishi wapya wanalichukua hili kumalizia filamu: kumbe vyote vilikuwa kichwani mwake. Nakusihi usifanye hivyo. Unamnyang'anya mtazamaji saa moja na nusu aliyokuamini. Litumie kinyume. Askari akisema ameona kitu, mkuu wake anasikia mtu anayetafuta kurudishwa nyuma, na wenzake wanasikia woga. Kwa hiyo ananyamaza. Kesho aliye zamu anakiona naye ananyamaza. Inafika siku kikosi kizima kimeona na hakuna aliyesema. Onyesho la mtu wa kwanza kufungua mdomo litakuwa na nguvu kuliko la zimwi lenyewe.

Kuhusu sauti, nenda kasome juu ya wachimbaji wa upande wa Waingereza waliochimba mahandaki ya chini kwa chini karibu na Messines, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza. Walichimba wakinong'ona, wakitega masikio kusikia kama Wajerumani nao wanachimba kuelekea kwao. Ukimsikia adui anachimba, uko salama kidogo. Akinyamaza, labda anapanga baruti. Juni 7, 1917 mabomu 19 yalilipuliwa chini ya ngome za Wajerumani, na jingine lililobaki ardhini likaja kulipuka mwaka 1955 katika radi. Kwa fundi sauti hiyo ni zawadi: kelele ni faraja, na kimya ndicho kitisho. Andika sauti kwenye mswada tangu mwanzo, usingoje meza ya uhariri.

Mambo ya seti nitayapita haraka, ila moja haliachwi. Risasi baridi, zile za mlio tu zisizo na kichwa, nazo zinaua. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee alikufa baada ya kipande cha risasi kilichokwama kwenye mtutu kusukumwa na risasi baridi. Awepo mtu mmoja mwenye ujuzi ambaye kazi yake ni silaha tu, na akisema hapana, siku hiyo kazi inasimama hata kama mwanga unawapotea. Sare na namna ya kushika bunduki nazo ziangaliwe na aliyewahi kutumikia. Akiona kidole kimekaa kwenye kifyatulio muda wote, ameshaacha kukuamini.

Kumbuka pia kwamba unacheza na wafu wa watu. Mwaka 1918 Abel Gance alipiga picha ya wafu wa vita wakiinuka kwa ajili ya filamu yake *J'accuse*, na waliocheza wafu hao walikuwa askari wa kweli waliokuwa likizo kutoka mstari wa mbele. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wengi wao walirudi vitani na kuuawa. Mimi siwezi kulitazama onyesho lile kama mchezo wa sinema, na ningependa nawe ulitazame kabla hujachora mzimu wako wa kwanza.

La mwisho ni la ufundi, nalo lipange kabla hujaanza katikati ya hadithi: ripoti. Vita vina karatasi. Kila aliyetoka na hakurudi lazima aandikwe ameuawa, amejeruhiwa, ametekwa au hajulikani alipo. Mnara wa Thiepval nchini Ufaransa una majina zaidi ya 72,000 ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza wasio na kaburi linalojulikana. Luteni wako aliyesalia atakaa mezani na kalamu, na mbele yake kuna jina la mtu aliyechukuliwa na kitu kisicho na safu kwenye fomu. Ataandika nini kwa makao makuu, na ataandika nini kwa mama wa marehemu? Barua hizo mbili ziandike zote kamili, hata kama hazitasomwa kwenye filamu, kisha ndipo urudi ukurasa wa kwanza umpe luteni huyo jina.