Juzuu Amma wanaisoma, Kiarabu hawakisemi

SWALI: Assalaam alaykum. Nasomesha madrasa huku Kisauni. Watoto wangu, wa miaka 9 hadi 12, wanasoma Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Qur'ani, bila kukwama, lakini sentensi moja ya Kiarabu hawana. Nataka wajifunze lugha pamoja na adabu za dini na mila zetu, ila kila nikijaribu kipindi kinageuka mawaidha ya Kiswahili. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, Ustadhi. Mawaidha hayo yapunguze. Adabu itendwe darasani, na itendwe kwa Kiarabu.

Anza na sinia. Umar bin Abi Salama, aliyelelewa na Mtume (S.A.W.), alikuwa akila huku mkono wake ukizunguka sahani nzima. Mtume akamwambia: "Yaa ghulaam, sammillaah, wa kul biyamiinik, wa kul mimmaa yaliik." Yaani mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, kula cha mbele yako. Imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Mtoto wa Mombasa aliyekula pilau ya harusi sinia moja na wenzake hahitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Basi weka tende na mahamri, waketi kuzunguka sinia. Mvulana mwambie "kul", msichana "kulii", wote pamoja "kuluu". Kisha waamrishane wenyewe, mpaka atakayekosea asahihishwe na mwenzake. Hapo ndipo uende ubaoni: biyamiinika kwa mvulana, biyamiiniki kwa msichana. Istilahi za nahau zingoje. Watoto wakishaizoea kanuni mdomoni, jina lake halitawatisha.

Maneno ya nyumbani yatakubeba: samaki ni samak, sahani ni sahn, sukari ni sukkar. Ila wahadharishe na "tafadhali". Mtoto akikuambia "tafaddal" anakukaribisha, hakuombi kitu. Kuomba ni "min fadlika" kwa mwanamume, "min fadliki" kwa mwanamke; ile -ka na -ki ya kwenye sinia imerudi.

Kipindi kinachofuata chukua salamu: alayka, alayki, alaykum. Wasomee aya ya 86 ya Suratun-Nisaa, inayotuamrisha kurudisha salamu kwa iliyo bora zaidi au mfano wake, kisha kila mmoja amjibu mwenzake kwa kuongeza "wa rahmatullaah". Shikamoo usiwakataze. Wazee wao wanaipenda, na haiharibu Kiarabu hata kidogo.