Pyraminx kwa anayeanza: hangaika na kingo sita tu

Ukipata Pyraminx, lile fumbo la kuzungusha lenye umbo la piramidi na nyuso nne za rangi, usikimbilie kukariri. Vijana ninaowafundisha hunywea wakisikia kwamba ina mipangilio 933,120, tena bila kuhesabu ncha zake. Wanaogopa bure. Kinachotaka akili ni vipande sita vya kingoni, vile vyenye rangi mbili.

Ncha ni kazi ndogo: zungusha kila moja ifanane na kipande cha rangi tatu kilicho chini yake, basi. Vipande hivyo vya rangi tatu navyo havihami, hugeuka palepale. Na hapa pana jambo ninalolipenda kuliko yote: kipande kisicho na njano ndicho kinachokabiliana na uso wa njano. Kiweke juu, kisha zungusha pembe tatu za chini mpaka njano zote zitazame chini.

Kuanzia hapa unageuza pembe nzima, si ncha peke yake. Kulia, kushoto na juu ni majina ya pembe, si mwelekeo wa kugeuzia. Nikisema "geuza" ni kufuata saa ukiwa umeikabili pembe hiyo. "Rudisha" ni kinyume chake.

Tafuta kipande cha kingoni chenye njano kilichoko juu. Shika piramidi ili nafasi yake iwe chini mbele yako, halafu zungusha juu mpaka kipande kikae nyuma. Njano yake ikiwa kulia: geuza kulia, geuza juu, rudisha kulia. Ikiwa kushoto: rudisha kushoto, rudisha juu, geuza kushoto. Kilichokwama chini vibaya kitoe kwa hatua hizohizo. Usikariri tu, kifuate kipande kwa macho kinavyoshuka, ndipo utaelewa.

Chini kukikamilika, nyoosha pembe ya juu mpaka rangi za kipande chake cha rangi tatu zilingane na nyuso za pembeni. Vitabaki vipande vitatu. Vyote vikiwa vimebadilishana nafasi: geuza kulia, geuza juu, rudisha kulia, geuza juu, geuza kulia, geuza juu, rudisha kulia. Visipofika, rudia mara moja.

Viwili vikiwa mahali pake lakini vimepinduka, viweke kwenye uso wa mbele, kimoja kushoto na kingine kulia: rudisha kulia, geuza kushoto, geuza kulia, rudisha kushoto, geuza juu, rudisha kushoto, rudisha juu, geuza kushoto. Hapa nenda polepole na usisite njiani: katikati chini huonekana kumeharibika, na wengi huacha hapo, kumbe hatua ya mwisho ndiyo inayorudisha kila kitu.