Maswali na Majibu: Namba Iliyomponza Fermat

Maswali yote ya safari hii yanahusu namba moja: 4,294,967,297.

Namba hii imetoka wapi?

Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, alichukua 2 kwa vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, akaongeza 1 kila mara. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote namba tasa. Akaamini kuwa inayofuata, yaani hii yetu, nayo ni tasa, na nyingine zote baada yake. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi, Leonhard Euler, akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Ina maana Euler alijaribu kila namba hadi akafika 641?

Hata kidogo. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Jaribio la tano tu! Ajabu ni kwamba kichujio hicho kinatokana na kanuni aliyoigundua Fermat mwenyewe.

Naweza kuhakikisha bila kikokotoo?

Unaweza, na mimi napenda njia hii kuliko kugawa. Angalia: 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na vilevile ni 5⁴ + 2⁴. Tukigawa kwa 641 na kutazama baki tu, 5 × 2⁷ ni sawa na −1 (imepungua 1 tu kufika 641). Ipandishe kwa kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴, kwa hiyo weka hiyo mahali pake. Unapata −2³² ni sawa na 1. Basi 2³² + 1 haibakizi kitu.

Ina vigawo vingapi?

Vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Nimesikia ni jumla ya vipeo viwili vya pili.

Tena kwa njia mbili: 65,536² + 1² na 62,264² + 20,449². Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili, kwa hiyo hata asiyewahi kusikia habari za 641 angejua kuwa hii si tasa.

Na majirani zake?

4,294,967,296 ndiyo idadi ya anwani zote za toleo la nne la itifaki ya intaneti. Inayoitangulia, 4,294,967,295, ni zao la 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537. Kwa kanuni ya Gauss, mwanahisabati Mjerumani, umbo lenye pande sawa na pembe sawa, ambalo pande zake ni witiri, linachoreka kwa rula na bikari pale tu idadi ya pande inapokuwa tasa ya Fermat (kama hizi tano) au zao la tasa hizo bila kurudia yoyote; kwa hiyo umbo la pande 4,294,967,295 linachoreka (karatasi mtajitafutia). Hatujui umbo lolote la namna hiyo lenye pande witiri nyingi zaidi ya hizo linalochoreka hivyo, kwa sababu tasa ya sita ya Fermat haijapatikana mpaka leo.